Sura ya Sita: Mapigo Matatu

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, limeegeshwa baina ya Probox mbili nyeupe katika yadi moja ya Kamakis, pale Ruiru ambapo moshi wa nyama choma hukutana na vumbi la Eastern Bypass. Na mpwa wangu, aliyenipigia simu alfajiri kunitaka nije nilione kabla mtu mwingine hajalilipia arbuni, alikuwa amesimama mbele yake kwa adabu ya mtu aliyekuja kuposa.

"Mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba gari lingesikia, "hii ndiyo RX-8. Na ni elfu moja mia tatu tu, sawa na Vitz."

Maneno hayo ya mwisho, ambayo dalali aliyekuwa nyuma yake aliyaitikia kwa kichwa mara tatu, ndiyo yaliyonitia tashwishi na ndiyo yaliyozaa sura hii. Maana katika magari yote niliyoyataja kurasa zilizopita hakuna hata moja ambalo kipimo chake kilichoandikwa katika logibuku ni kweli tupu, na papo hapo humpoteza mnunuzi mbali namna ile. Bei iliyotajwa ilikuwa chini ya bei ya Axio iliyosimama safu ya pili. Mtu mwenye insafu na fedha zake huuliza kwanza kwa nini gari la fahari, lenye viti vinne vya kukumbatia mgongo na milango ya nyuma ifungukayo kinyume kama ya kabati, liuzwe rahisi kuliko gari la kwendea sokoni. Na jibu la swali hilo limo chini ya boneti, nalo halifahamiki mpaka tuondoke Ruiru kidogo.

Injini tuliyoizoea, ya Probox, ya matatu na ya trekta litifualo shamba la mananasi kule Thika, hufanya kazi kama kinu: pistoni hupanda na kushuka mfano wa mchi, na kila ifikapo mwisho wa safari hulazimika kusimama, kugeuka na kurudi, ndipo injini ikatetema. Mjerumani Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902, hakuridhika na kutwanga, alitaka kusaga. Mahali pa mchi aliweka pembetatu ya chuma yenye mbavu zilizobinuka, ambayo mafundi huiita rota, ikazunguka ndani ya chumba chenye umbo la nambari nane iliyonenepa kiuno. Na kwa kuwa ncha zake tatu hazibanduki ukutani, chumba hugawanyika sehemu tatu zisizotulia mahali pamoja, na katika kila sehemu hewa na petroli huingia, hubanwa, huwaka, na moshi ukatoka, kwa zamu isiyokatika. Valvu hakuna. Mikono ya kusukuma pistoni hakuna. Injini ya kwanza ya namna hiyo ilizunguka mwaka 1957 katika karakana ya kampuni ya NSU huko Ujerumani, na kwa muda ikadhaniwa kwamba siku za pistoni zimehesabiwa.

Lakini jiwe la kusagia lina udhia wake. Katika kila ncha ya pembetatu hukaa sili, yaani kipande cha chuma chembamba kinachosugua ukuta maisha yake yote ili moto wa chumba kimoja usivujie kingine. Na katika injini ya gari hili jekundu kipande hicho kina urefu wa sentimita 8 na unene wa milimita 2, navyo vimo sita tu. Kampuni ya NSU iliangamia kwa sababu ya kitu kidogo kama hicho. Gari lake la Ro 80, lililotoka mwaka 1967 na kupewa tuzo ya gari bora la Ulaya mwaka uliofuata, lilikula sili zake mapema mno, wanunuzi wakarudi kudai injini nyingine kwa mujibu wa dhamana, na inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 walipopishana barabarani walisalimiana kwa kuinua vidole, kila mtu akionyesha idadi ya injini alizokwisha badilishiwa. Mwaka 1969 kampuni ikamezwa na Volkswagen; ndiyo Volkswagen ileile ambayo mwishoni mwa 2016 ilianza kuunganisha Polo Vivo mjini Thika, katika kiwanda cha KVM, kwa injini za pistoni za kawaida, na sidhani kuwa hilo ni sadfa.

Wajapani wa Mazda, waliokwisha nunua ruhusa ya kuunda injini hiyo tangu mwaka 1961, waliona alama za mikwaruzo katika kuta za chumba wakaziita makucha ya shetani. Na mhandisi Kenichi Yamamoto, pamoja na wenzake arobaini na saba, wakazikalia miaka kadhaa mpaka wakatoa Cosmo Sport mwaka 1967. Wakashika njia hiyo peke yao baada ya wengine kuiacha. Mwaka 1991 gari lao la rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Kijapani pale, na mwaka 2003 wakatoa RX-8, ambayo injini yake ilitunukiwa mwaka huohuo kuwa injini bora ya mwaka duniani. Nayaeleza haya kwa sababu dalali husema gari hili ni bovu au ni zuri kwa kadiri ya upande anaokaa, akiuza au akinunua. Ukweli ni kwamba ni kazi ya watu hodari iliyojengwa juu ya udhaifu mmoja ambao hawakuweza kuuondoa, ila kuupunguza.

Sasa turudi kwenye ile elfu moja na mia tatu. Kila rota ya RX-8 hupimwa sentimita za ujazo 654, na ziko mbili, jumla 1,308, na hesabu hiyo haina hila. Hila iko katika kinachohesabiwa, kwa kuwa rota ina pande tatu na hupimwa upande mmoja. Tena kila shafti ikizunguka mara moja, kila rota huwaka mara moja, ilhali injini ya Vitz huhitaji mizunguko miwili ili silinda zake zote ziwake. Ukizilinganisha kwa kazi, gari hili linameza hewa na petroli kama injini ya lita mbili na nusu na ziada. Watoza kodi wa Japani hawakudanganyika. Wao huzidisha ujazo wa injini za namna hii kwa moja na nusu kabla ya kumwandikia mtu kodi yake. Logibuku yetu haizidishi kitu, huandika 1,308 na kunyamaza, na dalali akapata la kusema.

Mpwa wangu anakaa Thika na hufanya kazi Nairobi. Safari yake ya kwenda na kurudi ni kilomita tisini, huenda zikapungua kidogo. Na gari hili, katika barabara yenye vipindi vya mbio na vipindi vya foleni ya Githurai, ni bahati likimpa kilomita nane kwa lita. Hizo ni lita kumi na moja kwa siku. Na tukichukua lita kwa shilingi 180, ni shilingi elfu mbili kasoro kidogo, siku tano kwa juma, kabla hajala chakula cha mchana. Nilimfanyia hesabu hiyo kwenye mgongo wa risiti, juu ya paa la Probox. Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni, kisha akaniomba tulijaribu gari hata hivyo. Sikumlaumu. Nami nilikuwa na umri wake.

Jambo la pili ambalo mnunuzi hana budi kulijua ni oili. Injini ya pistoni ikila oili ni mgonjwa. Injini ya rota isipoila ndiyo mgonjwa, kwa maana imewekwa pampu ndogo inayotia tone baada ya tone ndani ya chumba cha moto ili sili zisisugue zikiwa kavu, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo mwenye RX-8 hupima oili kila ajazapo tangi, au kila tangi la pili akiwa mvivu, na mwenye desturi ya kungoja sevisi ya kilomita elfu tano ndipo afungue boneti atakuwa amekwisha iua. Wamiliki wangapi waliotangulia walikuwa na desturi hiyo? Nilichomoa kijiti cha oili pale yadini, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha na kukitoa tena: oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini ya alama ya mwisho, nyeusi na nyembamba kama kahawa ya mara ya pili. Dalali akasema wataongeza. Hilo lilikuwa jibu la kweli, ila swali langu lilikuwa la miaka iliyopita.

La tatu linahusu yadi zenyewe, na sijaliona likiandikwa mahali. Kila asubuhi vijana wa yadi huyasogeza magari: hili litoke lile lipite, wafagie, wapange upya, wazime. Gari la kawaida halidhuriki kwa kusogezwa mita tatu na kuzimwa likiwa baridi, lakini injini ya rota, ambayo ikiwaka baridi humwagiwa petroli kwa wingi, ikizimwa kabla haijapata joto huacha petroli hiyo imelowesha plagi na kuosha oili kwenye sili. Asubuhi ya pili huwaka kwa shida, ya tatu haiwaki kabisa, vijana wakaisukuma kwa mabega na kusema betri imelala. Gari likikaa yadini miezi mitatu kwa namna hiyo huwa limepata madhara ambayo mwenyewe hakuyafanya kwa miaka mitatu.

Tulikubaliana na dalali kulipeleka gari Thika kwa fundi ninayemjua, petroli juu yangu, naye akaketi kiti cha nyuma ili asitupoteze. Akagundua baada ya kufunga kwamba mlango wa nyuma wa RX-8 haufunguki mpaka wa mbele utangulie, na hivyo akawa mahabusi wetu kwa muda wa takriban kilomita ishirini. Mpwa wangu akashika usukani. Sitaficha: tulipoiacha Ruiru na kuipita Juja, sauti ya injini ile ilipanda bila kutetema, laini, kali, mfululizo, kama cherahani ikikanyagwa na fundi mwenye kanzu za watu mkesha wa Idi, na gari likalala juu ya lami kwa utulivu ambao sijauona katika gari lolote la bei yake. Mshale wa mizunguko katika magari haya hupanda hadi elfu tisa kwa dakika. Barabara ile ya njia nane, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012, miezi michache tu baada ya RX-8 ya mwisho kutoka kiwandani, ingefaa kuwa uwanja wake. Lakini hewa ya bara ni nyepesi, na gari ambalo lina nguvu za farasi 250 pale Likoni likipanda hadi Thika, mita elfu moja na mia tano na zaidi juu ya bahari, huwa limewaacha farasi wapatao arobaini njiani. Halina turbo ya kuwarudisha.

Tukasimama Blue Post, tukanywa chai kwa mlio wa maporomoko ya Chania, tukaliacha limezimwa likiwa moto kwa dakika kumi na tano. Hiyo ilikuwa hila yangu, na ndiyo kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya bila kifaa. Sili zilizolegea huweza kuficha aibu zao injini ikiwa baridi. Zikipata moto, kubana hewa huzishinda. Tuliporudi, stata ikazunguka, ikazunguka, nikahesabu kimoyomoyo hadi nane ndipo injini ikashika. Kutoka nyuma ikaja sauti: "Betri hiyo."

Fundi wetu ana gereji ya mabati upande wa Makongeni, naye ni wa kwanza niliyemkuta ambaye husema "hii haina pistoni" bila kucheka. Alichomoa fyuzi ya petroli, akafungua plagi ya chini ya rota ya mbele, akaingiza kipimo cha kompresheni alichokwisha kiondolea valvu yake ndogo ili mshale usikwame juu, akamwambia mpwa wangu aelekeze kamera ya simu kwenye mshale. Kisha akapiga stata. Rota ina pande tatu, kwa hiyo mshale huruka mara tatu kwa kila mzunguko wake, na injini nzima hutoa mapigo yaliyo sawa: pa, pa, pa. Rota ya mbele ilitoa hayo. Akahamia ya nyuma. Pa, pa, na la tatu likawa pumzi tu, mshale ukainuka nusu na kuanguka. Tukaitazama picha ile ya simu polepole, mara mbili, na hata dalali, aliyekuwa ameachiliwa kutoka kifungoni, aliinama kuitazama.

"Ni mwinuko huo," akasema. "Huku juu magari yote hupungua."

Nilifurahi aliposema hivyo, kwa kuwa ni nusu ya kweli na nusu hiyo yafaa kila mnunuzi wa bara kuijua. Kitabu cha Mazda husema injini mpya ya RX-8 hubana hewa kwa takriban kilopaskali 830, na kwamba ikishuka chini ya 680, stata ikiizungusha mara 250 kwa dakika, imekwisha. Hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Thika hewa ina uzito wa sehemu tano katika sita ya ile ya Mombasa, kwa hiyo injini nzima kabisa itasoma mia saba kasoro, ukingoni mwa hukumu ya kifo. Na fundi asiyelijua hilo atamzuia mtu kununua gari zuri, kama vile dalali anayelijua atamuuzia gari bovu. Lakini mwinuko hauchagui upande. Huzipunguza pande zote tatu kwa kipimo kimoja, na betri dhaifu hufanya vivyo hivyo. Pigo moja likianguka peke yake baina ya wenzake wawili walio wima, hapo upande huo una ila yake wenyewe, na hakuna mlima wa kusingiziwa.

Kutengeneza kunawezekana. Injini hufunguliwa, sili na vifungo vyake huagizwa kutoka nje, kuta za chumba hukaguliwa kama hazina makucha ya yule shetani, na kazi yote, ikifanywa na mtu anayeijua, huweza kufikia bei ya gari lenyewe. Huko Marekani kampuni ilirefusha dhamana ya injini za RX-8 za miaka ya 2004 hadi 2008 ikawa miaka minane au maili laki moja, na hilo lilikuwa ungamo la heshima. Lakini dhamana hiyo haikupanda meli pamoja na magari yaliyokuja kwetu. Wengine hapa huing'oa injini ya rota na kutia ya Toyota, wakapumzika. Sikubali wala sikatai, ila mwenye kununua gari lililofanyiwa hivyo aangalie nambari ya injini kama ni ile iliyo katika logibuku, maana mabadiliko hayo hupaswa kuandikishwa, na atakayesimamishwa njiani ni yeye, aliyeing'oa hayupo.

Tena kuna jambo la hesabu za miaka ambalo limebadilisha soko lote la gari hili. Kanuni ya Kenya, katika kiwango KS 1515, hairuhusu kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane, ukihesabu na mwaka wenyewe wa usajili wake wa kwanza; na kwa kuwa RX-8 ya mwisho iliundwa Juni 2012, mlango wa Mombasa ulifungwa kwa magari haya mwisho wa 2019. Kabla ya hapo mnunuzi aliweza kuagiza jingine kutoka Japani, lililotunzwa na mzee wa Hiroshima kwa vitabu vyake vyote. Sasa zilizopo ndizo zilizopo, zikipita mkono hadi mkono kati ya Ruiru, Thika, Nairobi na Mombasa, na kila mkono umeongeza oili au haukuongeza. Historia hiyo ndiyo bidhaa anayoiuza dalali, ingawa yeye huiita gari.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu hivi, nami namwambia msomaji vilevile. Ikiwa hili ndilo gari lako la pekee, la kukufikisha kazini Jumatatu, liache, hata likitoa mapigo matatu kama ngoma ya msondo. Ikiwa una gari jingine la kazi, una fundi asiyetafuta pistoni ndani yake, na unaweza kuweka kando fedha za injini ya pili siku ileile unapolipa ya kwanza, bila kumwibia mtoto karo, basi nunua, kwa sharti umeyasikia mapigo yote sita kwa masikio yako. Sijui gari jingine la bei hiyo litakalokupa furaha kama hiyo baina ya Juja na Thika. Atakaye furaha bila fedha za pembeni anajitafutia shari.

Arbuni haikulipwa. Tulilirudisha gari Kamakis, dalali akashuka baada ya kufunguliwa, akatushukuru kwa petroli. Na baada ya mwezi mpwa wangu alinunua Axio, si ile ya safu ya pili, nyingine. Ukienda kulitazama jekundu lako, nenda mapema kabla yadi haijafagiwa, uweke kiganja juu ya boneti kabla hujasalimia mtu. Ukikuta lina joto, rudi kesho.